Springi za Kilo Hamsini na Moja

Juu ya meza ya fundi palikuwa na seti mbili za shokapu, na Mpimaji alikuwa amezikodolea macho robo saa nzima. Fundi alikuwa ameshamaliza chai yake, ameshasuuza kikombe na kukifunika juu ya kabati, na aliporudi alimkuta mzee yuko palepale, mikono nyuma, kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba.

"Mzee, hivi ni vyuma tu," alisema fundi. "Hata ukivitazama mpaka kesho, havitakujibu."

Mpimaji hakucheka. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewapimia watu viwanja na barabara, na ingawa alikuwa amestaafu, jina la kazi lilikuwa limemganda. Mkewe alipotaka kumchokoza alimwita Bwana Vipimo. Alikuwa mtu wa kupima kwanza na kufikiri baadaye, na wakati mwingine akishapima huona hana haja tena ya kufikiri. Hicho ndicho kilichomponza, na mimi simhurumii sana kwa hilo, ingawa kwa mengine namhurumia.

Gari lilikuwa nyuma yake, limeinuliwa juu ya vigingi vinne, matairi yametolewa. Lilikuwa gari dogo la spoti, jekundu, la viti viwili, la chini kiasi kwamba mtu akitaka kuingia lazima ajikunje kwanza, ndipo ajiachie adondokee kitini. Alilinunua mkononi mwa mtu mwaka ule binti yao alipoanza kazi. Majirani walisema mzee amepatwa. Mkewe aliuliza swali moja tu: "Hicho kiti cha pili ni cha nani?" Alipojibiwa ni chake, akasema, "Basi nunua."

Toka hapo, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, walikwenda barabara ya bwawani, ile yenye kona nyingi. Mpimaji mwenyewe ndiye aliyelishusha gari likawa chini zaidi, akalitia springi ngumu ili lishike kona barabara. Lilishika kweli, lakini kila tuta lilifika mwilini bila kupunguzwa. Mama wa watu alishikilia mpini wa mlango, anacheka huku anarushwa, na wakirudi nyumbani anashuka akijishika kiuno na kusema safari ijayo atakuja na mto wa kukalia. Hakuwahi kuja nao.

Kisha yakaja maradhi. Yalianza kwingine, yakaingia kwenye mifupa ya mgongo, na daktari, katika chumba kidogo chenye kalenda ya mwaka uliopita, aliwaambia wazi kwamba kinachohesabika sasa ni miezi, tena michache. Walirudi nyumbani na lile gari. Kwenye tuta la kwanza mkewe alipiga ukelele ambao Mpimaji hakuwahi kuusikia kwake kwa miaka thelathini na minne ya ndoa, hata alipojifungua. Akaendesha njia yote iliyobaki mwendo wa kutembea kwa miguu, magari yamejipanga nyuma yanampigia honi, na yeye machozi yanamtoka bila kuyafuta. Siku ya pili yake binti yao alihamia kwao ili amuuguze mama, na hospitalini wakawa wanakwenda na gari lake, la milango minne.

Wiki moja baadaye, mkewe akiwa kitandani na yeye akizunguka chumbani, akipanga chupa za dawa kwa urefu na kuuvuta mlango kuona kama unalia, mkewe alimwambia, "Wewe, lilainishe lile gari lako. Ukililainisha nitapanda tena. Tutakwenda bwawani."

Basi. Mpimaji alilipokea neno hilo kama mtu aliyekuwa anazama akarushiwa kamba. Kesho yake asubuhi alikuwa barabarani na futi yake ya kukunja, anapima matuta. Kutoka nyumbani mpaka kona ya kwanza ya bwawani yalikuwa kumi na moja. Aliandika kimo cha kila moja kwenye daftari. La saba ndilo lilikuwa baya kuliko yote, lilijengwa na mtu mwenye hasira.

Fundi alimweleza mambo kwa utulivu, maana alikuwa mtu mwenye subira na wateja wazee. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu ndiyo inayoizuia springi isiruke-ruke. Ukitaka gari lishike kona, unaweka ngumu. Ukitaka abiria alale usingizi, unaweka laini, lakini springi laini zinataka nafasi ya kushuka, na gari hili nafasi hiyo halina. "Limezaliwa karibu na ardhi," alisema. "Hata tufanyeje halitakuwa kitanda."

"Silitaki liwe kitanda. Nataka limbebe mtu mmoja, mara moja, lisimuumize."

"Teksi nayo inabeba mtu mmoja mara moja."

Mpimaji alimtazama hivyo hivyo mpaka fundi akainamisha kichwa na kujifanya anatafuta spana.

Walichagua kwanza zile za kurekebisha, zenye kirungu cha kuzungusha ili zilegee au zikaze, kwa sababu Mpimaji alipenda wazo la kitu chenye namba kumi na sita za kuchagua. Ili kuzijaribu alihitaji mzigo kwenye kiti cha abiria, na mzigo huo, kwa akili yake, ulipaswa kuwa na uzito uleule wa mkewe. Alikwenda nyumbani akatoa mizani ya bafuni.

"Unataka kuniuza kwa kilo?" aliuliza mkewe, amesimama juu ya mizani, binti amemshika kwapani.

"Mwachie mkono," Mpimaji alimwambia binti. "Ukimshika namba inadanganya."

"Baba, ataanguka."

"Sekunde mbili tu."

Binti akamwachia sekunde mbili. Kilo hamsini na nane. Mpimaji akaandika, akarudi gereji, akajaza mchanga kwenye gunia mpaka kilo hamsini na nane kamili. Fundi alilibeba akilia mgongo, wakalikalisha kitini na kulifunga mkanda. Juu ya dashibodi Mpimaji aliweka kikombe cha maji kilichojaa mpaka alama aliyoichora mwenyewe. Kisha wakatoka kwenda kwenye matuta.

Maji yalimwagika kwenye tuta la kwanza. Walilegeza kirungu, wakarudia. Walilegeza tena. Kwa siku nane watu wa mtaa ule waliona gari jekundu likienda na kurudi na gunia la mchanga limefungwa mkanda, na mzee anashuka kila baada ya tuta kutazama kikombe. Wengine walidhani amerukwa na akili. Alikuwa na furaha, ukweli ndio huo. Jioni alirudi nyumbani mikono inanuka grisi, anakaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi na kumweleza mkewe kirungu kiko namba ngapi, halafu anakwenda kuoga na kulala kwa uchovu. Mkewe alikuwa akimsikiliza na kutabasamu na kusema, "Haya, Bwana Vipimo."

Siku ya tisa alizikataa. Hata kwenye namba ya mwisho ya kulegea zilikuwa ngumu.

Akazigeukia zile za pili, za kawaida, kama zilizotoka na gari kiwandani, pamoja na springi zake za asili ambazo fundi alizipata kwa mtu aliyekuwa akichinja magari mabovu. Gari likapanda vidole viwili. Mpimaji alimpima tena mkewe ili gunia liwe sawa, na safari hii mizani ilisema hamsini na tano. Alitoa mchanga wa kilo tatu kwa kopo, akaumwaga mlangoni pa gereji, akaandika. Fundi aliutazama ule mchanga ulioachwa chini, akaufagia pembeni.

Zilikuwa nzuri. Fundi alijua mara tu walipovuka tuta la kwanza, na Mpimaji naye alijua, maana kikombe kilitikisika tu. La pili hivyo hivyo, la tatu, mpaka la sita. Kwenye la saba tumbo la gari liligusa, likatoa mlio mfupi, na maji yakamwagika nusu kijiko hivi.

"Hapo umefika," alisema fundi. "Hilo la saba utapita pembeni, au utasimama kabisa, kisha ulipande polepole. Mchukue Jumapili hii."

"Limegusa."

"Limegusa tuta moja kati ya kumi na moja, mzee. Mchukue Jumapili hii. Nakuomba."

Kwa nini fundi aombe, naye si gari lake wala si mke wake? Mpimaji hakujiuliza. Alikuwa ameshafungua daftari.

Jumapili hiyo binti alimwogesha mama yake mapema. Alimvalisha gauni la kijani, akamfunga kitambaa kichwani, akamtoa taratibu mpaka kwenye kiti cha ubaraza wa mbele, akamtilia mito miwili mgongoni. Fundi alikuwa amempigia simu binti bila kumwambia mzee, akamweleza kwamba gari liko tayari na kwamba asimpe baba yake nafasi ya kusita. Mpimaji alifika na gari, akazima injini, akamwona mkewe amekaa na pochi mapajani kama mtu anayesubiri kwenda arusini.

"Nani kasema leo?" aliuliza.

"Mimi," alisema mkewe. "Jua zuri. Twende."

"Bado linagusa kwenye tuta la saba."

"Kwani linanigusa mimi au linagusa lami?"

"Utaumia."

"Nimeshameza dawa zangu. Hata likirusha kidogo nitavumilia."

"Huna haja ya kuvumilia kitu. Nitalimaliza kwanza. Nimeshapata mtu wa kufua springi kwa kipimo, anataka wiki tatu tu." Alisema hivyo amechuchumaa mbele yake, amemshika magoti, na mapenzi yalikuwa yamemjaa. "Nataka ukae mle ndani usisikie hata kokoto. Wiki tatu, bibie."

Mkewe aliiweka pochi kando. Kisha akamwambia sawa. Binti alimsaidia kuinuka na kumrudisha ndani, na alipompita baba yake hakumtazama. Mpimaji alilirudisha gari gereji siku ileile, akalipandisha juu ya vigingi yeye mwenyewe, gereji ameifungua kwa ufunguo alioachiwa, fundi hayupo.

Mfua springi alitaka kujua uzito wa gari, uzito wa dereva na uzito wa abiria. Mizani ya bafuni ilisema hamsini na moja. Mpimaji aliutuma uzito huo, na wiki tatu zile hakukaa bure. Alibadilisha bushi zote za raba. Alikisugua kiti cha abiria, akakitia godoro jipya la sponji. Alitafuta matairi yenye ubavu mnene zaidi ili yanyonye mshtuko, akazunguka maduka sita. Kila siku alitoka saa mbili asubuhi na kurudi jua likizama. Mkewe alikuwa amehamishwa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, na mara nyingi Mpimaji alipoondoka alimwona ameegemea mito anamtazama akilifunga geti. Alimpungia mkono, naye akampungia.

Siku moja binti alimfuata mpaka getini. "Baba, mama leo anaongea vizuri. Anakumbuka mambo ya zamani, anacheka. Kaa naye leo."

"Nakwenda mara moja kutazama matairi."

"Kaa leo tu."

"Nikikaa mimi, nani atalimaliza?" Alisema hivyo bila ubaya wowote. Binti alilifunga geti mwenyewe.

Springi zilifika siku ya thelathini na saba tangu kazi ianze. Zilikuwa nne, nyeusi, zinang'aa, zimefungwa kwenye magazeti. Kabla ya kuzifunga Mpimaji alikimbia nyumbani kuhakikisha uzito. Mkewe hakuweza tena kusimama. Akamwambia binti asimame kwenye mizani amembeba mama yake, kisha asimame peke yake, akatoa hesabu. Binti alifanya alivyoambiwa, kwa uso mkavu. Kilo arobaini na mbili.

Alirudi gereji amechanganyikiwa.

"Zimekosea," alimwambia fundi. "Nilimpa hamsini na moja. Sasa ni arobaini na mbili. Springi zitakuwa ngumu kwake. Inabidi turudishe."

Fundi alikuwa akiliburuta lile gunia la mchanga. Aliliacha, akafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mzee wangu," alisema, "gari hili lina tani nzima na ushei. Kilo tisa halizisikii. Ni kama mimi kuvua viatu kabla ya kupanda, halijui. Toka mwanzo hayo mambo ya kilo hayakuwa na maana kwa gari."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua unachokipima."

Mpimaji alikaa juu ya tairi lililokuwa limelala sakafuni. Alifungua daftari, kwenye ule ukurasa wa uzito, akazisoma namba kutoka juu mpaka chini. Hamsini na nane, hamsini na tano, hamsini na moja, arobaini na mbili. Alikuwa ameziandika kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe pembeni, na sasa ndiyo mara ya kwanza alizisoma. Fundi alizifunga zile springi peke yake mpaka adhuhuri ya siku ya pili, hakwenda hata kula.

Gari lilitoka zuri ajabu. Mpimaji alilipitisha matuta yote kumi na moja kwenda nyumbani, la saba pia, na lilipanda na kushuka kwa ulaini ambao hakuwahi kuupata kwenye gari lolote maishani mwake. Aliliingiza uani, akafungua mlango wa abiria wazi kabisa, akaingia chumba cha mbele bila kuvua viatu.

"Tayari," alisema.

Mkewe alikuwa macho. Alitazama dirishani, akamtazama yeye. "Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Nibebe."

"Mama," alisema binti.

"Mwache anibebe."

Mpimaji aliingiza mkono mmoja chini ya magoti na mwingine nyuma ya mabega, akajikaza kuinua, na nguvu zote alizozitayarisha zikamponyoka bila kazi, akayumba nyuma hatua moja. Mkewe alikuwa mwepesi hivyo. Hakuna namba iliyokuwa imemwambia. Alimtoa mpaka uani, akaelekeza miguu yake kwenye mlango wa gari, na akaanza kuinama. Gari la chini linataka mtu ajikunje. Mara tu mgongo ulipoanza kukunjika mkewe aliuma meno, jasho likamtoka usoni kote, akashika shati la mumewe kwa ngumi. Mpimaji alisimama. Alijaribu upande mwingine, kutanguliza kichwa, na haikuwezekana. Matuta yote kumi na moja aliyapima, na springi, na matairi, na sponji, lakini urefu kutoka kizingiti cha mlango mpaka kiti, na namna mgonjwa wa mgongo atakavyouvuka, hakuupima.

"Nirudishe," alisema mkewe.

Alimrudisha. Alimlaza polepole, binti akaleta dawa, ile kali ya matone ambayo daktari alisema waanze kumpa maumivu yakizidi. Mkewe aliisukuma kando kidogo.

"Subiri kwanza. Wewe, kaa."

Mpimaji alikaa.

"Nilikwambia lile la gari kwa sababu ulikuwa unazunguka humu ndani, unanitia kizunguzungu," alisema mkewe, anapumua kati ya maneno. "Nilidhani ni kazi ya siku mbili tatu. Nikasema akimaliza atatulia, atakaa."

"Mbona hukuniambia niache?"

"Ulikuwa unarudi una furaha."

Alitaka kumjibu. Alikuwa na miaka thelathini na minne ya mambo ya kumjibu, akaanza na moja, la siku ile alipomwuliza kiti cha pili ni cha nani, lakini hakulimaliza, mkewe alikuwa ameshafumba macho kwa maumivu, na binti akasema basi baba, akadondosha matone chini ya ulimi wa mama yake. Baada ya nusu saa alilala. Toka siku hiyo dozi haikupunguzwa tena, na yale aliyokuwa akiyasema alipozinduka yalikuwa ya watu wengine, wa utotoni mwake, ambao Mpimaji hakuwajua. Siku thelathini na nane mkewe alikuwa na akili zake timamu ndani ya nyumba hii, na mumewe alikuwa gereji.

Alikaa. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Uani mlango wa gari ulikuwa bado wazi, hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Jioni ya siku ile simu yake ililia. Alikuwa fundi, aliuliza kwa woga gari limekwendaje.

"Vizuri sana," alisema Mpimaji. "Halirushi hata kidogo." Na hilo lilikuwa kweli.